Jumapili jua liliposingiziwa: uchambuzi wa kisa cha Mtwara, Mei 2024

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipokatika Mtwara mjini, la kwanza kusingiziwa lilikuwa jua. Ujumbe ulizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kabla WhatsApp yenyewe haijaanza kugoma, ukisema dhoruba ya jua imeunguza setilaiti na mtandao hautarudi mpaka zirushwe mpya. Wapo waliosema serikali imezima, kama kawaida yao. Ila hoja ya jua ndiyo iliyoshika, na haikushika kwa ujinga. Dhoruba ilikuwepo kweli, tena kubwa. Ni kweli pia kwamba mionzi ya anga za juu huharibu vifaa vya elektroniki ndani ya setilaiti. Mambo mawili ya kweli yakawekwa pamoja, yakazaa la tatu ambalo si kweli.

Nitalipitia tukio lile taratibu: nini kilizimika, nini hakikuzimika, na kama kweli mionzi ingeipiga setilaiti inayotuhudumia huku Kusini, tungeziona dalili gani.

Siku tisa za Mei

Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Jumamosi ya tarehe 4 Mei, eneo la Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa. Mabasi yakakwama, malori yakakwama, na bidhaa sokoni zikaanza kupanda bei. Watu walikuwa bado wanahesabu hasara pale Ijumaa ya tarehe 10, usiku kwa saa zetu, dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua ilipoifikia dunia. Ilifika daraja la G5, la juu kabisa kwenye kipimo kinachotumiwa na Marekani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Ile mianga ya rangi ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ilionekana mpaka Mexico. Picha zake zilijaa kwenye simu zetu Jumamosi nzima.

Jumapili ikaja, intaneti ikakata. Ukiwa umekaa Mtwara, umeshapigwa na kimbunga, umeshakatiwa barabara, na jana tu umeangalia picha za mbingu za Ulaya zimegeuka rangi ya waridi, ungefikiria nini?

Lakini angalia mpangilio wa saa. Kilele cha dhoruba kilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Jumamosi tulikuwa hewani. Hizo picha za mianga tulizipataje? Intaneti ilianguka wakati dhoruba imeshaanza kupoa. Hilo peke yake halitoshi kulisafisha jua, kwa sababu kuna madhara ya mionzi yanayochelewa kwa siku kadhaa, nitayafikia. Ila linatosha kutia shaka.

Ushahidi wa banda umiza

Ushahidi bora kuliko wote ulikuwa Magomeni ya hapahapa Mtwara, kwenye banda umiza. Jioni ile saa kumi na mbili na nusu Manchester United walikuwa wanawakaribisha Arsenal. Mzee mwenye banda hakuwa na raha tangu mchana, na fundi wake wa madishi alipotokea mlangoni salamu zilikuwa fupi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia masetilaiti yameungua. Sasa hawa watu niwarudishie hela zao?"

Fundi hakubishana naye. Alichukua rimoti, akafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Mistari ile miwili, wa nguvu na wa ubora, ilikuwa imetulia palepale inapokaa siku zote. "Setilaiti ipo, mzee. Endelea kukusanya kiingilio."

Mechi ikachezwa. Trossard akafunga dakika ya 20, ikaisha moja bila, na baada ya filimbi ya mwisho watu wa Magomeni wakaliona moja kwa moja paa la Old Trafford likimwaga maji ya mvua majukwaani. Mashabiki wa Arsenal waliokuwa nje ya banda na simu zao tu hawakujua matokeo mpaka walipopigiwa.

Picha ile ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka kwenye dishi la Magomeni. Katika vyombo vyote vilivyotuhusu siku ile, hicho ndicho kilichokuwa ndani ya dhoruba yenyewe, na ndicho kilichofanya kazi. Kilichokufa kilikuwa chini ya maji.

Ishara nyingine zilielekea hukohuko. Simu za kawaida zilikuwa zinapiga. Dada mmoja wa steshenari pale Chikongola, aliyekuwa anawajazia watu fomu, aligundua mapema kwamba baadhi ya kurasa zinafunguka na nyingine zinazunguka tu mpaka zinachoka. Akadhani ni kompyuta, akaizima na kuiwasha. Hakuwa na kosa, maana kutoka mezani pake haikuonekana kwamba zinazofunguka ni zile zilizohifadhiwa humu nchini, na zinazogoma ni za nje.

Hapo ndipo penye jibu. Bando lako la simu haliendi angani kwenye setilaiti. Kutoka kwenye simu linakwenda kwenye mnara, mnara unaliingiza kwenye mkongo wa taifa, mkongo unalifikisha Dar es Salaam, na Dar es Salaam linaingia baharini. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya data kati ya mabara hupita kwenye nyaya zilizolala sakafuni mwa bahari. Siku ile nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Waziri mwenye dhamana wakati huo, Nape Nnauye, aliyekuwa pia mbunge wa Mtama hapo Lindi, alitangaza kwamba hitilafu iko kwenye mkongo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia ya kaskazini nayo haikuwa nzima, kwani tangu Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Kwa hiyo mlango mmoja ulikuwa na ufa, mwingine ukafungwa.

Mbishi anaweza kuuliza: je, dhoruba haiwezi kuupiga mkongo wenyewe? Swali zuri. Mkongo wa baharini hubeba umeme wa kuendesha vikuza mawimbi vilivyopangwa njiani, na dhoruba ya sumaku huweza kuchochea volti za ziada kwenye waya mrefu kiasi hicho. Machi 1989 mkongo wa TAT-8, uliovuka Atlantiki, ulipimwa ukiwa na ongezeko la mamia ya volti. Haukukatika. Volti za ziada zinaweza kuusumbua mfumo wa umeme wa mkongo, ila haziwezi kukata nyaya mbili za kampuni tofauti katika eneo moja la bahari na kuziacha salama nyaya nyingine zote duniani, zikiwemo za nchi za kaskazini ambako dhoruba ilikuwa kali zaidi.

Mionzi inafanya nini hasa kule juu

Jua lingeachiwa huru hapa, lakini kisa kingebaki nusu. Tuhuma zilikuwa na msingi, na msingi wenyewe wachache wanaujua.

Setilaiti iko nje ya blanketi letu la hewa. Inapigwa na chembe za aina tatu. Kuna zile zilizonaswa na sumaku ya dunia, elektroni na protoni zinazozunguka katika mikanda ya Van Allen, iliyogunduliwa mwaka 1958 kwa kipimo kilichorushwa ndani ya setilaiti ya Explorer 1. Kuna protoni zinazorushwa na jua lenyewe linapolipuka. Na kuna chembe nzito zinazotoka mbali kabisa, nje ya mfumo wa jua letu, ambazo ni chache lakini zina nguvu za kutisha.

Chembe moja nzito ikipita ndani ya chipu huacha nyuma yake mstari wa chaji za umeme. Transista, yaani swichi za umeme zilizomo ndani ya chipu, siku hizi ni ndogo mno, na chaji hiyo ndogo inatosha kuigeuza biti: sifuri ikawa moja, au moja ikawa sifuri. Chipu haiungui. Ukiangalia kwa macho huoni kitu. Namba tu ndiyo imebadilika. Tano ikigeuziwa biti moja inaweza kuwa kumi na tatu. Kama tano hiyo ilikuwa nyuzi za kugeuza antena, sasa antena inaangalia pengine.

Hata huku chini hutokea mara mojamoja. Mei 2003, kwenye uchaguzi wa Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada kwenye mashine, nyingi kuliko zilizowezekana. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara 12, yaani thamani ya biti moja, na maelezo yaliyopewa uzito mkubwa ni chembe kutoka angani. Ilikamatwa kwa sababu hesabu ilikataa kulala.

Madhara mengine ni makali zaidi. Chembe inaweza kufungua njia ya umeme ndani ya silikoni ambayo haikutakiwa kuwepo, chipu ikaanza kuvuta umeme bila kikomo. Fundi yeyote angeiita shoti. Dawa yake ni moja: kata umeme haraka, kisha washa upya. Ukichelewa imeungua, na fundi hawezi kupanda ngazi ya kilomita 35,786.

Halafu kuna uchakavu wa polepole. Mionzi huacha chaji zilizokwama kwenye tabaka jembamba la kuhami ndani ya transista, mwaka baada ya mwaka, mpaka transista inaanza kuvujisha umeme hata ikiwa imezimwa. Hakuna siku moja ya ajali. Inakula kama chumvi ya bahari inavyokula mabati ya Shangani. Paneli za sola za setilaiti nazo hupungukiwa nguvu kwa namna inayofanana, kwa sababu chembe zinahamisha atomi kutoka mahali pake. Ndiyo maana wahandisi huzitengeneza kubwa kuliko mahitaji ya siku ya kwanza, ili mwaka wa 15 bado zitoshe.

La nne ndilo linaloitesa zaidi mitambo ya matangazo, na ndilo linalochelewa. Elektroni zenye kasi kubwa hupenya ganda la setilaiti na kuzama ndani ya plastiki za nyaya na bodi za saketi. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inajikusanya humo siku baada ya siku. Ikizidi, inapasuka: radi ndogo kabisa ndani ya chombo, na pigo lake linaingia kwenye saketi jirani kama amri ya uongo. Jua linaweza kuonekana limetulia siku hiyo. Elektroni zilishajipanga tangu wiki iliyopita.

Kinga zipo. Alumini ya milimita chache huzuia elektroni nyingi na protoni dhaifu, lakini haizuii zile chembe nzito za mbali; na ukizidisha unene, chembe hizo zinavunja atomi za kinga yenyewe na kuzaa chembe nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi iko kwenye akili ya saketi. Kumbukumbu hupewa biti za ziada za kusahihisha kosa, na kompyuta huipitia yote kila mara kabla makosa mawili hayajakutana mahali pamoja. Saketi muhimu hufanywa tatu, zikapiga kura: wawili wakikubaliana, wa tatu anapuuzwa. Kuna pia saa ya mlinzi, ambayo kompyuta isipoigusa kwa muda uliopangwa inajua kompyuta imeduwaa na inaiwasha upya.

Nikiri upendeleo wangu: katika yote haya, kura ya saketi tatu ndiyo naipenda. Haimwamini mtu mmoja, wala haimfukuzi aliyekosea. Raundi inayofuata anapiga tena.

Wikendi ile, juu kulikuwaje?

Kulikuwa na misukosuko, lakini ya aina nyingine na mahali pengine. Setilaiti za chini, zile za kilomita mia kadhaa, ziliteswa zaidi na hewa kuliko na chembe. Dhoruba inapopasha joto tabaka za juu za hewa, zinatanuka, na setilaiti inayopita humo inapata mkwaruzo zaidi na kushuka. Setilaiti ya ICESat-2 ya NASA iliingia katika hali ya tahadhari, ikasimamisha vipimo vyake. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya Elon Musk, waliandika kwamba huduma yao imepungua ubora, na Musk akasema setilaiti zake ziko kwenye shinikizo kubwa ila zinavumilia. Maelfu ya setilaiti zilisukumwa kurudi juu siku zilizofuata. Hazikuanguka, tofauti na Februari 2022, ambapo dhoruba ya kawaida tu ilizishusha takriban 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa muda si mrefu, zikiwa bado kwenye njia ya chini sana.

Setilaiti za GPS, zilizo kama kilomita 20,200 juu, ziliendelea kutangaza. Kilichovurugika ni tabaka la hewa yenye chaji ambalo mawimbi yake hupita, na kwa hiyo vipimo vya mahali vilipotoka. Wakulima wa Marekani wanaopanda kwa trekta zinazoongozwa na GPS walilazimika kusimama. Mvuvi wa Msimbati mwenye kifaa cha mkononi hakuwa na cha kuhofia sana, kwa sababu mita chache za kosa hazimpotezi mwamba wake.

Ingekuwa kweli, tungeonaje?

Tuchukue visa viwili ambavyo radi kama hiyo inadhaniwa kuwa ndiyo chanzo. Tarehe 20 Januari 1994, setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza udhibiti ndani ya siku moja, baada ya siku kadhaa za elektroni nyingi zenye kasi. Saketi zilizokuwa zikiongoza magurudumu ya kuitulizia setilaiti ziliharibika, antena zikaacha kuitazama dunia. E1 ilirudishwa baada ya saa chache kwa saketi ya akiba. Ya E2 nayo ilikuwa imekufa, na ilichukua miezi kuirudisha kazini kwa mbinu mpya kabisa. Walioumia zaidi walikuwa watu wa vijiji vya mbali kaskazini mwa nchi, ambao simu na televisheni zao zote zilitegemea hizo.

Kisa cha pili ni cha setilaiti ya mawasiliano ya Galaxy 15. Aprili 2010 iliacha kusikia amri kutoka duniani, lakini mitambo yake ya kurusha ikaendelea kufanya kazi. Ikawa inaelea kuelekea sehemu za setilaiti nyingine huku inapiga kelele, nazo zikilazimika kuipisha. Desemba mwaka huohuo ilipoteza uelekeo wake wa kuitazama dunia, betri ikaisha, kompyuta ikajiwasha upya, na siku mbili kabla ya Krismasi ikaanza kutii.

Linganisha na Jumapili yetu. Setilaiti ya matangazo ikipigwa hivyo, mstari wa ubora kwenye king'amuzi unaanguka ghafla, na unaanguka kwa wote walioielekea: Mtwara, Mbeya, Nairobi, kwa dakika ileile. Mvua haihusiki, dishi halijaguswa, LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) ni nzima. Banda la Magomeni lingekuwa giza. Na mtu aliyekaa nje na bando lake kwenye simu angekuwa anaangalia matokeo bila tabu. Ni kinyume kabisa cha tulichokiona.

Kwa mtazamo wangu hapa ndipo Mtwara na Lindi pa kufaidika na kisa hiki. Ofisi nyingi za huku zinapofikiria njia ya akiba ya mawasiliano, zinanunua laini ya kampuni ya pili ya simu, ambayo nayo mwisho wa safari inaingia baharini kwa nyaya zilezile. Hiyo ni akiba ya jina tu. Setilaiti ina gharama, na muda wa kwenda na kurudi hadi kilomita 35,786 unaifanya simu ya video iwe na kigugumizi. Lakini kinachokata mkongo hakiiui setilaiti, na kinachoiua setilaiti hakikati mkongo. Zahanati, bandari au benki ikiwa na vyote viwili, inahitaji mikosi miwili isiyojuana ije siku moja.

Ipo siku jua hukata picha kweli, tena kila mwaka, bila kuunguza hata transista moja. Huku kwetu ni mwishoni mwa Machi na tena kama katikati ya Septemba. Kwa siku chache mfululizo, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kama linavyoonekana kutoka dishini, na kelele zake za redio zinaifunika sauti ya setilaiti. Mstari wa ubora unashuka, picha inaganda vipandevipande, na baada ya dakika kadhaa yote yanarudi yenyewe. Fundi wa Magomeni siku hizo hupigiwa simu mfululizo, na jibu lake kwa wote ni lilelile: usipande juu ya bati, usiguse bolti ya dishi. Ukilisogeza kuifuata picha, jua litaondoka zake, na wewe utabaki na dishi linalotazama pasipo na kitu.